Gari ya hibridi ikizeeka: ibaki Kindu, ipelekwe Tunda, ao iuzwe?

Kindu. – Baba mmoja aliyehama Uvira pamoja na familia yake amebakiwa na mali moja ya maana: Toyota Prius ya mwaka 2008. Gari ile ilivuka ziwa Tanganyika hadi Kalemie, ikapandishwa kwenye wagoni ya treni kupitia Kabalo, ikashuka Kindu ikiwa na vumbi mpaka ndani ya taa. Leo iko katika kiwanja cha shemeji yake, komine ya Kasuku. Ndugu zake wa Tunda wanamwambia aje nayo nyumbani, maana mtoto wao hawezi kurudi kijijini juu ya moto ya kukodi wakati ana gari yake. Mke wake anasema iuzwe, watoto waingie masomo. Wamotari wa barabara ile wanapita wakicheka: gari hiyo ikifa, haifufuki.

Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Lakini anayestahili kusikilizwa kwanza ni mama, na sababu iko ndani ya gari yenyewe.

Gari ya hibridi ina mashine ya esansi kama gari zingine, ina tena mota ya umeme, na nyuma ya kiti cha abiria kuna batri kubwa. Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani Desemba 1997. Shofere akifunga freni, nguvu ambayo ingepotea inarudishwa katika batri. Gari ikisimama, mashine inazimika yenyewe. Ndiyo maana gari hizi zinapendwa Kampala na Nairobi, kwenye foleni ndefu. Kindu haina foleni ya aina ile, lakini mashimo yake yanafanya kazi ya foleni: kusimama, kuondoka, kusimama.

Basi tufanye hesabu. Prius ya aina hiyo mjini inakula karibu lita 5 kwa kilomita 100, wakati gari ya kawaida ya ukubwa huo inakula 8 hivi. Tofauti ni lita 3. Tuseme, kwa kurahisisha, lita moja kwa kadhafi ni dola 2. Gari inayofanya taksi kilomita 50 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inatembea kilomita 1.300 na kuokoa lita 39, yaani dola 78. Gari ya familia inayopeleka mama sokoni na baba kanisani, kilomita 10 kwa siku, inatembea 260 na kuokoa hata dola 16 haifiki. Sasa weka batri kubwa pembeni. Ikiwa mpya ya kiwandani, bei yake inapita dola 1.000 mahali inapouzwa, kabla ya kulipa usafiri mpaka Kindu. Mwenye taksi anaweza kuirudisha pesa hiyo katika mwaka mmoja na miezi kidogo. Mwenye kwenda sokoni atahitaji zaidi ya miaka 5, na kwa miaka hiyo gari inaendelea kuzeeka.

Batri ya Prius ile ina vipande 28 vilivyopangwa kama vitabu, kila kimoja volti 7,2, jumla volti 201,6. Kipande kimoja kikichoka, batri nzima inalalamika na taa nyekundu inawaka. Mafundi wengi wanatoa kipande kibovu na kuweka kingine kilichotoka katika gari iliyokufa. Gari inaondoka, mteja anafurahi, analipa. Miezi kidogo baadaye kipande kingine kinakufa, sababu vyote vilizaliwa pamoja na vinazeeka pamoja. Si kwamba fundi ni mwongo. Ni dawa ya kutuliza homa tu, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla ya kulipa.

Tena kuna jambo ambalo wenye gari za zamani hawalitegemei. Corolla ikikataa kuwaka, vijana wanne wanaisukuma na safari inaendelea. Prius haisukumwi. Mashine yake haina starta ya kawaida. Ni umeme wa batri kubwa ndio unaoiamsha. Batri hiyo ikifa, esansi inaweza kujaa tanki na gari isitoke kiwanjani. Hapo wamotari wana haki.

Hawana haki katika kila kitu, lakini. Prius ina na batri ndogo ya volti 12 ndani ya buti, na gari ikikaa majuma mengi bila kuwashwa, hiyo ndogo ndiyo inaisha ya kwanza. Dirisha la vipimo linabaki giza, mlango haufunguki kwa rimoti, na mwenyewe anaamini gari imekufa. Mnunuzi mwerevu anafika na bei ya chuma chakavu, kisha anaweka batri ya dola chache na kuondoka akipiga honi. Familia iliyohama vita isiuze gari iliyonyamaza kabla ya kupima ile batri ndogo. Na isiiache kimya miezi mitatu: batri kubwa nayo inajimaliza yenyewe ikikaa, na chaja ya garaji haiwezi kuijaza. Kuiwasha kila juma, ikatembea nusu saa, kunatosha.

Pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu dogo lenye vyuma kama chujio. Ni pua ya batri; feni inavuta hewa hapo ili kuipoza. Gari iliyokimbia vita ilibeba magodoro, masufuria na mabunda ya nguo mpaka juu ya dari, na mara nyingi tundu lile lilizibwa safari nzima. Joto ndilo linaloua batri hizi. Kuifungua feni na kutoa vumbi ni kazi ya fundi ya saa moja ao mbili, na inaongeza uhai kuliko dawa yoyote inayouzwa kwenye chupa. Ila fundi asiyezijua nyaya za rangi ya machungwa asiziguse. Zile zinabeba umeme wa kuua mtu.

Na Tunda? Prius iko sentimita 14 hivi kutoka chini. Barabara kutoka Kibombo hadi Tunda inajulikana: matope, madaraja ya miti, vijito vinavyofurika mvua ikinyesha. Mafuta ya mawese na mchele vinatoka huko juu ya baiskeli na moto, na mgonjwa anafika hospitali kwa moto ao kwa kubebwa. Gari hiyo ikifika Tunda kwa msimu wa ukavu, itaingia kijijini kwa vigelegele, kisha itakuwa banda la kuku. Ndugu wanataka heshima, na heshima si neno dogo kwa mtu aliyefukuzwa nyumbani. Lakini mwanamume akifika na moto mbili zinazofanya kazi, moja ya kubeba mizigo mpaka gare ya Kibombo, hatachekwa na mtu.

Nchi jirani zimekwisha kuamua upande wao. Kenya haipokei gari iliyopita miaka 8. Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa gari za miaka 15 na zaidi. Rwanda mwaka 2025 imerudisha ushuru juu ya hibridi, na iliyozeeka inatozwa zaidi. Maana yake ni kwamba Prius ya 2008 haina tena soko ng'ambo. Mnunuzi wake yuko hapa, na ni yule tu anayeiona ikitembea.

Kwa hiyo baba huyu aifanye taksi Kindu kuanzia juma hili, akiwa na daftari ya esansi na ya mapato, ao aiuze wakati bado inawaka yenyewe asubuhi. Njia ya tatu, ile ya kuiweka kwa siku zijazo, ndiyo mbaya kuliko zote. Akiuza, akabidhi karti rozi pamoja na hati ya mauzo yenye sahihi za mashahidi wawili, na abaki na kopi. Mashahidi hao wasiwe wale waliomletea mnunuzi. Masomo yanafunguliwa Septemba, na shule haipokei gari.