Tutayarishe Mioyo Kabla ya Kusali

Ye yote akaaye Kapata, au katika mitaa mingine ya wachimbaji kandokando ya Kolwezi, ajua ya kuwa shaba haipatikani kwa pigo la kwanza la sururu. Kwanza huondolewa udongo wa juu, kisha mwamba usio na faida, na baada ya kazi ndefu ndipo laonekana jiwe la kijani. Twaivumilia kazi hiyo kwa kuwa twajua kilichomo chini. Mbona basi tukisali twataka kupewa siku ile ile, na tusipopewa twaacha sala?

Neno hili si dogo katika nyumba zetu. Wazee wa Kapata wakumbuka miaka ambayo wafanyakazi wa Gécamines walikaa miezi na miezi bila mshahara, hata mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 wakaacha kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari. Unga, dawa na karo ya watoto, vyote vikawa shida. Katika taabu ya namna hii watu husali kwa bidii juma la kwanza na la pili. Kisha huanza kunung'unika: "Mungu ametusahau." Wengine hukimbilia kwa waahidi wa miujiza, ambao hutaja hata siku ya muujiza, mradi sadaka itolewe kwanza. Moyo usiotayarishwa huchoka upesi.

Basi, tujitayarisheje?

Kwanza, tujue twasema na nani. Katika Injili ya Luka, sura ya 11, mmoja wa wanafunzi alimwomba Yezu awafundishe kusali, naye akawapa sala ya Baba Yetu. Mara baada ya hiyo akawasimulia habari za mtu aliyekwenda usiku wa manane kumwomba rafiki yake mikate mitatu. Tazameni utaratibu wake: kwanza awajulisha Baba, ndipo awafundisha kubisha mlango bila kuchoka. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kinywa, tunyamaze kidogo na kukumbuka ya kuwa tu mbele ya Baba atupendaye. Mtoto ajuaye moyo wa baba yake haoni haya kurudi kumwomba mara ya kumi.

Pili, tupatane na wenzetu. Hapa twakumbuka jambo lililozaliwa katika nchi yetu hii hii. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933, alianza katika miaka ya 1950 kukaa na wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi pamoja na wake zao. Aliwasikiliza, akawauliza wanatamani nini hasa katika maisha yao. Katika mazungumzo hayo ikazaliwa Jamaa, na maneno yake makuu yakawa matatu: uzima, uzazi, mapendo. Mume na mke waliongozwa pamoja hatua kwa hatua, nao walitakiwa wafunguliane mioyo. Tupate funzo hapo. Mume asiyesema na mkewe tangu juzi, atasemaje na Mungu jioni hii? Mama aliyemkasirikia jirani yake kwa ajili ya maji ya bomba, atashikaje rozari kwa amani? Bwana wetu ametuagiza tuache sadaka mbele ya altare, twende kwanza kupatana na ndugu. Aliye na dhambi nzito asikawie kwenda kuungama.

Tatu, tuiwekee sala saa yake. Afanyaye kazi zamu ya usiku haendi mgodini apendapo, huenda saa iliyopangwa. Nyumba nayo ichague saa yake, hata ikiwa ni dakika kumi tu kabla ya kulala, baba, mama na watoto pamoja. Ninyi wanafunzi, msingoje wiki ya mtihani ndipo mlikumbuke kanisa. Anayesali siku za raha ataijua njia siku ya taabu.

Nne, tukubali kungoja, na kupokea jibu ambalo hatukulichagua. Hili ndilo gumu kupita yote. Katika bustani ya Getsemani Yezu alisali mara tatu kwa maneno yale yale, na kikombe hakikuondolewa. Je, Baba hakumsikia? Luka asimulia ya kuwa malaika alitokea akamtia nguvu, naye akainuka, akawaendea wanafunzi wake. Pengine nasi tutaomba kazi, na kazi itakawia. Tutaomba mgonjwa wetu apone, naye atakufa. Hatuwezi kuwadanganya na kusema ya kuwa maumivu hayo ni mepesi. Lakini nguvu ya kuamka tena asubuhi, ya kumtunza yatima, ya kukataa mali ya wizi wakati wa njaa, nayo ni jibu la Baba.

Wala kungoja si kukaa mikono kifuani. Aombaye kazi aitafute, aombaye kufaulu asome, aombaye amani nyumbani aanze yeye kuomba radhi.

Jioni hii, basi, kabla ya ishara ya msalaba, kila mmoja ajiulize: nani katika nyumba hii sijapatana naye? Aende kwake kwanza. Kisha pigeni magoti pamoja, mseme: Baba Yetu.