Bafu Lipakwe Rangi Gani?

Dada mmoja, msomaji wetu wa Tanga, ametuletea swali ambalo kwa juujuu laonekana dogo. Bafu la nyumbani kwao limepigwa plasta upya, na fedha za rangi zipo za mara moja tu. Mumewe anataka buluu iliyokoza, mithili ya ile aliyoiona hotelini. Yeye apendelea nyeupe. Mwishoni mwa barua, kana kwamba ni jambo la pembeni, ameongeza kuwa mama mkwe wake anaishi nao, ana mtoto wa jicho, na mwezi uliopita aliteleza alipokwenda kutawadha alfajiri. Alhamdulillahi, hakuvunjika.

Kwa maoni yangu, barua ilistahili kuanzia hapo mwishoni. Kadiri umri unavyosonga mbele, lenzi ya jicho hugeuka umanjano na kupitisha nuru kidogo, na mtoto wa jicho huzidisha hali hiyo. Mzee huhitaji mwanga mwingi kuliko kijana, tena hupata taabu kutenganisha buluu na kijani, au buluu nzito na nyeusi. Kuta nne za buluu iliyokoza humeza mwanga wa taa, na saa kumi na moja alfajiri chumba huwa kama shimo. Katika hili, shemeji yetu atuwie radhi.

Lakini nyeupe tupu nayo si jibu. Ukuta ukiwa mweupe, choo cheupe, na marumaru za sakafuni nyeupe, jicho dhaifu halioni ukuta unapokomea wala choo kilipo. Mzee hunyoosha mguu bila hakika, naye huona haya kuita mtu. Kinachomfaa ni tofauti baina ya kitu na kile kilicho nyuma yake. Hivyo basi, kuta zipakwe rangi nyepesi isiyo nyeupe kabisa, kama krimu au rangi ya samli, sakafu iwe nzito kuliko kuta, na mlango, fremu yake pamoja na chuma cha kujishikia vipakwe buluu ile ile ya shemeji. Hata ikiwa mama ataiona kama nyeusi, ataiona. Kikopo cha lita 1 chatosha kazi hiyo, na kila mmoja atakuwa amepata fungu lake. (Rangi, tukumbuke, haizuii utelezi. Chuma hicho na mkeka wa mpira vinunuliwe kabla ya kibati cha kwanza.)

Ukuta mwangavu una faida nyingine isiyohitaji maelezo marefu kwa familia ya Kiislamu: uchafu ukiurukia huonekana, ukaoshwa. Ukuta mzito huficha najisi na ukungu kwa pamoja, mpaka harufu itoe habari.

Wapo wanaopenda manjano kali, chungwa au nyekundu kwa ajili ya kuwafurahisha watoto. Hapo pana hadhari. Rangi hizo, hususan za mafuta, ndizo ambazo kwa miaka mingi zimetengenezwa kwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Huudhuru ubongo wa mtoto hata akionekana mzima. Someni maandishi ya kibati, mtafute palipoandikwa kuwa haina risasi. Kisichosema lolote kiacheni dukani. Na wenye kukwangua rangi kuukuu ya mafuta wasipige msasa mkavu. Waulowanishe ukuta kwanza, watoto wawe mbali, na vumbi lizolewe likiwa bichi.

Sasa plasta. Mafundi wengi hupenda kumaliza kazi ndani ya juma moja wakachukue ujira wao, na si ajabu. Saruji mbichi, hata hivyo, ina ukali unaokula mafuta ya rangi, na maji yaliyomo ndani yake lazima yatafute njia ya kutokea. Subirini majuma manne, dirisha likiwa wazi. Kama fundi alitumia mchanga wa pwani usiooshwa, chumvi itachanua ukutani kama unga. Isuguliwe kwa brashi kavu, irudiwe mpaka ikome, kisha ndipo rangi ya msingi ipakwe. Juu yake chagueni rangi ya maji yenye mng'ao kiasi, ile inayovumilia kuoshwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bafu la mita 1.5 kwa 2, lenye kimo cha mita 3, lina kuta za mita za mraba 21. Ukiondoa mlango na dirisha hubaki kama 19. Mikono miwili ni 38. Lita 1 ya rangi ya maji, kwenye ukuta laini, hufunika takriban mita za mraba 10, basi galoni moja ya lita 4 inatosha. Ikiwa rangi inachanganywa dukani, ichanganywe yote kwa mara moja, kwani ya pili ni nadra kulingana na ya kwanza.

Kabla ya galoni, nunueni kikopo kidogo, mpake kipande cha ubao na kukiegemeza bafuni siku mbili. Taa ya manjano huifanya krimu ionekane kama siagi, na taa nyeupe huipausha. Kitazameni adhuhuri, kisha mumwombe mama akitazame alfajiri, taa ikiwa imewashwa, naye aseme anaona nini.