Kamati ya Jengo Si Baba Mwenye Nyumba

Ndugu zangu, leo naomba tuzungumzie jambo ambalo magazeti yetu hulipita kama daladala iliyojaa. Ni habari ya watu walionunua nyumba ndani ya maghorofa, kule Upanga, Mikocheni, Kariakoo na kwingineko Dar es Salaam, halafu wakaendelea kuishi kama wapangaji. Wana hati. Wana mkopo wa benki unaowanyima usingizi. Lakini wakiwa mbele ya kamati ya jengo wananywea kama mtu anayedaiwa kodi ya miezi mitatu.

Hoja yangu ni fupi. Kamati ya jengo si baba mwenye nyumba. Ni watu waliochaguliwa na wamiliki, wakakabidhiwa fedha za wamiliki, na aliyeshika fedha za watu hutoa hesabu. Anayeomba hesabu si mkorofi wala hana chuki binafsi na mtu. Anaulizia mali yake.

Tumefikaje hapa? Nadhani historia inatusaidia kidogo. Wakazi wengi wa maghorofa ya mji huu wamelelewa katika upangaji. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe walikuwa wakiyapangisha, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wazee wa katikati ya mji bado wanaziita "nyumba za Msajili". Mwaka 1990 ofisi ya Msajili ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwepo tangu 1962. Kwa hiyo kwa miaka mingi mtu wa ghorofani alikuwa mpangaji, ama wa mtu ama wa shirika. Bomba likipasuka unaandika barua na kusubiri. Ngazi zikiwa giza unanunua tochi yako na maisha yanaendelea.

Halafu ikaja Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo, namba 16 ya mwaka 2008. Kabla ya hapo hati ilikuwa ya kiwanja, na kiwanja kikiwa na ghorofa kumi hati ilikuwa bado moja. Sheria hii ndiyo iliyofungua njia ya mtu kuwa na hati yake ya nyumba iliyo ghorofa ya sita, akaiuza au akaiweka rehani benki. Lakini pamoja na hiyo nyumba yako, unapata kitu cha pili ambacho wengi hawakisomi kwenye mkataba: fungu lako katika mali ya pamoja. Ngazi, paa, lifti, tangi la maji, jenereta, maegesho ya magari, ukuta wa nje. Huwezi kuuza fungu lako la ngazi ukabaki na sebule. Vinakwenda pamoja.

Na kwa kuwa vitu hivyo ni vya wote, sheria inawakusanya wamiliki wote katika umoja wao. Umoja una kanuni zake, unakusanya michango, unatunza hiyo mali ya pamoja, na unafanya kazi kupitia kamati au bodi. Tafadhali angalia mpangilio huo vizuri: wamiliki kwanza, umoja wa pili, kamati ya mwisho. Kwenye maghorofa mengi ninayoyafahamu mpangilio umepinduliwa, miguu juu kichwa chini.

Dada yangu alinunua nyumba kwenye jengo moja (sitalitaja) kwa mkopo wa miaka 15. Mwaka wa pili ada ya huduma ikapandishwa kwa tangazo lililobandikwa ndani ya lifti. Hakukuwa na mkutano wala maelezo. Nikamsindikiza kwenda kumwona mwenyekiti, mzee mmoja mstaarabu sana. Tukaamkia shikamoo, tukaitikiwa, tukaketishwa. Dada akauliza kwa upole kama anaweza kuona matumizi ya mwaka uliopita. Mzee akacheka, akanigeukia mimi: "Kijana, najua wewe ni mwandishi wa habari. Hapa si gazetini kwenu. Mwambie dada yako kama ada ni nzito, nyumba za bei nafuu ziko nyingi Mbagala."

Mnaona? Hilo ndilo jibu la baba mwenye nyumba kabisa: ukishindwa, hama. Tatizo ni kwamba dada yangu hahami. Ile ni mali yake, na yule mzee naye ni mmiliki kama yeye, hana hata tofali moja la ziada katika ile ngazi.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Chukua jengo lenye nyumba 40. Kila nyumba inatoa shilingi 150,000 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi milioni 6 kwa mwezi, milioni 72 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni milioni 360. Fedha hizo zinapita mikononi mwa watu watano au saba, wakati mwingine kwenye akaunti ya benki yenye jina la mtu binafsi, wakati mwingine kwenye simu ya mweka hazina. Na hakuna karatasi.

Linalonishangaza ni kwamba Watanzania tunajua sana kudai hesabu. Nenda kwenye kikoba chochote cha akina mama mtaani. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na fedha zinahesabiwa mbele ya wanachama wote. Nenda kwenye kamati ya harusi. Baada ya sherehe watu wanakaa kuvunja kamati, na mweka hazina anasoma mpaka bei ya barafu. Asiposoma, atasemwa mpaka uzeeni. Mama yule yule anayehesabu noti za kikoba mara mbili, akipanda lifti na kukuta ada imeongezwa kwa elfu hamsini, anasonya tu halafu analipa. Kulikoni?

Wapo watakaosema kwamba wajumbe wa kamati wanajitolea. Ni kweli, na nawapa heshima zao. Pampu ikiungua saa nane usiku ni wao wanaogongewa mlango. Hawana mshahara, wanatukanwa kwa sababu ya maji, umeme wa ngazi, na gari la mgeni lililozuia geti. Lakini hesabu zilizo wazi humlinda kwanza mjumbe mwaminifu. Bila karatasi, mwizi na mwaminifu wanafanana, na maneno ya kwenye ngazi yatawachafua wote wawili.

Na wamiliki nao wana dhambi zao, tusifichane. Wapo wasiolipa ada miezi kumi na mbili lakini gari jipya liko maegeshoni. Hao wanaishi kwa jasho la majirani, maana jenereta haliulizi nani amelipa. Kamati ina haki ya kuwadai, na ikibidi kuwafikisha mbele ya sheria. Lakini kuna majengo ambako mtu anakatiwa maji kwa sababu ameuliza swali. Deni lina njia zake za kudaiwa. Swali halina adhabu.

Kundi la pili ni la wamiliki wasioonekana. Amenunua, anaishi Muscat au London au Houston, nyumba kaipangisha. Anayejua kwamba lifti imekufa ni mpangaji, ambaye hana kura. Mwenye kura hajui kwamba kuna lifti. Kwa hiyo mkutano ukiitwa wanakuja watu wanane kati ya 40, na hao wanane wanaamua. Usishangae kamati ileile ikikaa miaka tisa.

Kundi la tatu ni mjenzi mwenyewe. Amemaliza kuuza nusu ya nyumba, nusu nyingine bado ni zake, kwa hiyo kura zake ndizo nyingi. Anaweka kampuni ya usafi ya shemeji yake, ya ulinzi ya rafiki yake, na kwa zile nyumba ambazo hajauza halipi ada. Hapo jengo limeuzwa lakini mwenye nyumba bado ni yeye.

Kama unadhani nakuza mambo, tazama nchi zilizoishi na mfumo huu muda mrefu kuliko sisi. Huko Las Vegas, Marekani, kati ya 2003 na 2009, kikundi kikiongozwa na mkandarasi mmoja kilinunua nyumba katika majengo mbalimbali kwa kutumia majina ya watu wa kukodi. Watu hao wakagombea na kuingia kwenye bodi, kura nyingine zikachakachuliwa. Wakishakaa ndani wanawapa wenzao kazi za ukarabati na kesi za madai. Zaidi ya watu 30 walitiwa hatiani, na mwaka 2015 huyo mkandarasi alihukumiwa zaidi ya miaka 15 jela. Uchaguzi wa kamati ya jengo! Kitu ambacho sisi tunakimalizia kwenye korido kwa kunyoosha vidole.

La pili ni zito zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni 2021, huko Surfside, Florida, sehemu kubwa ya jengo la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South iliporomoka watu wakiwa wamelala. Walikufa watu 98. Mwaka 2018 mhandisi aliyeajiriwa na wamiliki wenyewe alikuwa ameandika ripoti ikionya juu ya uharibifu mkubwa wa zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea. Baada ya hapo zikaja zaidi ya miaka miwili ya mabishano: nani alipe, kiasi gani, na je kweli kuna haraka? Wajumbe kadhaa wa bodi walijiuzulu mwaka 2019. Mchango maalumu wa dola milioni 15 ulipitishwa mwaka 2021, na jengo likaanguka kabla ukarabati wa zege haujaanza.

Sisemi kwamba bodi ndiyo iliyoliangusha. Wachunguzi wa serikali walikuta kasoro za usanifu zilizokuwepo tangu lilipojengwa, miaka ya 1980. Ninachosema ni kwamba ripoti ya mhandisi haikupaswa kuwa jambo la kuvutana. Mwaka 2022 Florida ikapitisha sheria ya kulazimisha ukaguzi wa majengo ya umri huo na akiba ya fedha kwa ajili ya ukarabati mkubwa. Mwaka 2024 ikakaza tena, mjumbe anayepokea rushwa kutoka kwa mkandarasi akawa na kesi ya jinai. Sheria hizo zimekuja juu ya makaburi.

Majirani zetu Kenya nao waliandika upya sheria yao ya umiliki wa namna hii mwishoni mwa 2020, wakaweka hadi kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro. Nasi sheria tunayo tangu 2008. Kinachokosekana ni wamiliki kuitumia.

Kwa hiyo ningependekeza nini? Kwanza, akaunti ya benki iwe kwa jina la umoja, si la mtu, na iwe na watia saini zaidi ya mmoja. Pili, taarifa ya mapato na matumizi itolewe kila robo mwaka, ibandikwe palepale kwenye lifti wanapobandika tangazo la kupandisha ada. Tatu, kazi yoyote kubwa ipatiwe bei kutoka kwa wakandarasi watatu, na mjumbe mwenye undugu na mmoja wao atoke nje wakati wa kuamua. Nne, kuwe na akiba ya lifti, paa na tangi, isiguswe kwa mishahara ya walinzi. Tano, kamati iwe na ukomo, na mkutano mkuu ufanyike kila mwaka, wenye mihtasari. Sita, mjenzi alipe ada ya kila nyumba ambayo hajaiuza.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji fedha za wafadhili. Kikoba cha mama ntilie kinafanya zaidi ya hayo.

Na wewe mmiliki, tafuta nakala ya kanuni za jengo lako. Najua ipo, ulisaini siku ile ya kukabidhiwa funguo bila kuisoma. Isome jioni moja. Kama uko mbali, mpe mtu barua ya kukuwakilisha mkutanoni. Lipa ada yako kwanza, ili ukisimama kuuliza asiwepo wa kukuzomea. Kisha tafuta majirani wanne wenye swali kama lako, muandike barua moja yenye saini tano. Barua ya mtu mmoja huitwa fitina. Ya watano hujibiwa.

Dada yangu sasa ana saini kumi na moja. Mzee bado hajajibu, lakini wiki iliyopita tangazo jipya limebandikwa kwenye lifti: mkutano wa wamiliki, ajenda namba tatu, mapato na matumizi. Tutakwenda, na kalamu tutabeba.

Naomba kuwasilisha.