TOZO BILA GETI: TUSEME MASHARTI YETU MAPEMA



Kwenye kikao cha tawi mliuliza: barabara ya kulipia ya Kibaha–Chalinze ikikamilika, je, tuunge mkono tozo ya kamera isiyo na geti? Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa masharti.

Anayevuka Daraja la Nyerere kule Kigamboni anajua foleni ya getini. Bila geti, gari halisimami. Kamera inasoma namba, au mtambo unatambua kifaa kilichobandikwa kwenye kioo, na malipo yanakatwa.

Tatizo ni kwamba getini unaiona bei na kumalizana papo hapo. Geti likiondoka, deni linafuata namba ya gari hadi kwa mwenye jina kwenye kadi. Wangapi kati yetu tumeuza gari kwa maandishi ya mkono, jina TRA halijabadilishwa? Atapita mnunuzi, bili itakuja kwako.

Tujifunze Afrika Kusini. Mkoa wa Gauteng ulianza tozo ya namna hiyo Desemba 2013. Mitambo ilifanya kazi, watu wakagoma kulipa. Shirikisho la wafanyakazi, COSATU, liliandamana kuipinga. Madeni yakarundikana, na Aprili 2024 mfumo ukazimwa. Deni la ujenzi likabaki kwa serikali, maana yake kwa kila mlipa kodi, hata asiye na baiskeli. Kamera inapiga picha tu. Anayelipa ni mtu aliyeridhika.

Kwa hiyo tawi lidai mambo manne:

1. Barabara ya sasa ibaki bure na itunzwe.
2. Bei itangazwe kabla, na wananchi wasikilizwe. Tozo za Kigamboni zilipunguzwa mwaka 2022 baada ya malalamiko ya miaka, tusisubiri hivyo.
3. Malipo yawezekane kwa simu ya kitochi na kwa wakala, na mtu apewe siku za kulipa kabla ya faini.
4. Wamiliki wapewe muda wa kubadilisha majina ya magari kwa gharama nafuu.

Ndugu zangu, kabla hatujadai, tuanze na letu: angalia kadi ya gari lako wiki hii. Mwenye hoja tofauti ailete kikao kijacho, tuijadili.

Katibu Mwenezi wa Tawi