Amana Ikiiva, Kimya Chetu Ni Saini

Wahenga walisema akiba haiozi. Sina ugomvi nao, ila ningependa kuongeza neno: akiba haiozi, lakini huweza kuhamishwa ghala wakati mwenyewe amelala.

Juma lililopita dada yangu alinitembelea hapa Nyegezi akiwa na bahasha ya kaki. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliyeanzia kazi Ukerewe na kuimalizia Ilemela. Mwaka jana, alipolipwa mkupuo wake, aliweka shilingi milioni 12 benki kama amana ya muda maalumu ya miezi 12. Amana hiyo inaiva mwishoni mwa mwezi huu. "Mdogo wangu," aliniambia, "wewe ndiye msomi wa ukoo. Nifanye nini?"

Usomi wangu ulinisuta. Miaka miwili iliyopita amana yangu mwenyewe iliiva nikiwa nasahihisha mitihani. Nilipokwenda benki majuma matatu baadaye, nilikuta imehuishwa kwa mwaka mwingine, kwa riba ndogo kuliko ya awali. Kijana wa kaunta, kwa adabu zote, aliigeuza fomu na kunionyesha alama ya vyema pembeni mwa maneno "ihuishwe yenyewe". Saini ilikuwa yangu. Kuivunja kabla ya muda kungenigharimu riba. Niliondoka nikiwa nimejifunza kuwa kwenye fomu ile kimya ni jibu, na jibu hilo huandikwa mapema na mtu mwingine.

Dada alikuwa na washauri watatu. Benki ilimtaka aendelee. Mwanawe alitaka milioni 7 za kununulia dagaa mwaloni Kirumba na kuwasafirisha. Jirani naye alimletea mpango wa kwenye simu unaoahidi kuzidisha fedha maradufu ndani ya siku 60.

Huyo wa tatu tumalizane naye upesi. Mwaka 2009 taifa zima liliiona DECI, ambako watu "walipanda mbegu" na kungoja mavuno, hadi Serikali ilipoifunga na wengi wakabaki na vikaratasi. Majina hubadilika, lakini hesabu ni ile ile: faida ya wa kwanza ni mtaji wa wa mwisho.

Mshauri wa kwanza anastahili mjadala mrefu zaidi. Tuchukue riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Milioni 12 zinazaa shilingi 960,000. Kodi ya zuio ya asilimia 10 inaondoa 96,000, zinabaki 864,000. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3, shilingi 360,000 kati ya hizo zinafidia tu thamani iliyopungua. Faida halisi ni 504,000, yaani shilingi 42,000 kwa mwezi. Si haba, lakini mstaafu ana haki ya kuijua hesabu hiyo kabla hajapongezwa kwa kuwa "mwekezaji".

Hapa ndipo suala la familia linapogeuka kuwa suala la siasa. Katika tathmini yake ya uchumi ya kila mwezi, Benki Kuu huchapisha riba za amana kwa mafungu mawili: riba za kawaida na riba za majadiliano. Za majadiliano huwa juu. Maana yake ni kwamba wapo wanaoingia ofisini kwa meneja, wakaketi na kupatana bei ya fedha zao, na wapo wanaopokea kilichobandikwa ukutani. Dada yangu, ambaye hawezi kununua fungu la sato bila kuomba apunguziwe, hakuwahi kufikiri kwamba riba nayo huombewa nyongeza. Hakuna aliyemwambia. Mwenye fungu kubwa huambiwa.

Tukumbuke pia fedha hizi zimetoka wapi. Tangu Julai 2022 kikokotoo kipya kiliweka mkupuo wa mstaafu katika asilimia 33. Baada ya kilio cha wafanyakazi, bajeti ya Juni 2024 ikatangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata asilimia 50 hapo zamani. Tulibishana kwa miaka kuhusu asilimia hizo, na tulikuwa na haki. Lakini mkupuo ukishalipwa tunanyamaza, kana kwamba ulinzi wa jasho la mtumishi unakoma siku fedha zinapoingia kwenye akaunti.

Usalama nao una mipaka yake. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa mpigo. Mojawapo ilikuwa Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera, ng'ambo ya ziwa letu hili. Wakati huo kinga ya Bodi ya Bima ya Amana iliishia shilingi milioni 1.5 kwa mteja katika benki moja. Kilichozidi kilisubiri ufilisi. Tangu hapo kinga imepandishwa hadi milioni 7.5. Ni hatua njema, ila milioni 12 za dada katika benki moja bado zinavuka mstari huo.

Nilimweleza pia kuhusu hatifungani za Serikali, ambazo mtu huweza kuanza nazo kwa shilingi milioni moja na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Aprili 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, lakini aliyenunua kabla ya hapo anaendelea kulipwa kiwango chake cha zamani. Hiyo ndiyo faida ya kufunga kwa muda mrefu. Hasara yake ni kwamba ukizihitaji fedha mapema, utaziuza sokoni kwa bei utakayoikuta.

Wapo wenzangu chuoni wanaosema: asome fomu, ni mtu mzima. Nakubali kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Lakini mimi nafundisha watu kusoma maandishi magumu, na fomu ile ilinishinda. Kanuni inayomhitaji kila raia awe macho siku zote huwanufaisha wenye makarani. Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, amana ikiiva na mwenyewe akiwa kimya, fedha ziingie kwenye akaunti yake ya akiba, na kuhuisha kuhitaji ridhaa mpya. Pili, benki impigie au imwandikie mteja majuma mawili kabla, kwa Kiswahili, ikitaja riba mpya na haki yake ya kujadiliana.

Dada hakungoja mapendekezo yangu. Siku mbili baadaye alinipigia simu. Milioni 6 ataziacha palepale kwa miezi sita, baada ya kumwomba meneja nyongeza na kuipata, na safari hii ameweka alama kwenye "ilipwe". Milioni 4 zitanunua hatifungani ya miaka mitano, riba yake iwe ada ya mjukuu. Riba ya mwaka huu itaezeka jikoni. Milioni 2 atamkopesha mwanawe kwa maandishi, mbele ya shahidi.

Nilimtahadharisha kuhusu hizo milioni 2, maana bei ya dagaa haitabiriki. Alinijibu kwamba analijua hilo, na kwamba hakufundisha miaka yote ile ili azeeke na fedha zilizotulia huku mwanawe akirandaranda mwaloni akibeba mizigo ya wengine. Sikuwa na hesabu ya kumpinga. Huenda fedha hizo zisirudi. Lakini uamuzi huo ni wake, ameutia saini akiwa macho, na hakuna alama ya vyema iliyouamua kwa niaba yake.