Chuma cha Mukuku: tumecheka vya kutosha, sasa nani analipa?

Niambie ukweli. Pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzani wa karibu kilo 500 ikianguka kutoka angani mchana kweupe, karibu na boma lenu, utafanya nini kwanza? Utakimbia? Utaomba? Ama utatoa simu?

Wakenya tulishajibu swali hilo. Desemba 30, 2024, kijiji cha Mukuku kule Makueni kilipata mgeni ambaye hakupiga hodi. Watu walisikia mlio mkubwa, wengine wakadhani ni bomu. Walipofuata sauti wakakuta lile dude limelala vichakani, jekundu kwa joto, na ikabidi wasubiri kama saa mbili lipoe. Kufikia Januari 1 Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilikuwa limetoa taarifa: kwa uchunguzi wa mwanzo, hiyo ni pete inayotenganisha sehemu za roketi ikishapaa. Kwa kawaida kitu kama hicho huungua kikirudi kwa angahewa, ama huangukia mahali pasipo na watu, kama baharini.

Sasa wewe piga picha. Dunia yote hii imejaa maji, na dude lenyewe likachagua Ukambani, mahali ambapo watu wanatembea na mitungi wakitafuta hayo maji.

Hapo ndipo nchi nzima iligeuka kuwa wachekeshaji. Kuna mtu alitaka kujua kama ni mzigo ulioagizwa mtandaoni, boda wa angani akakosea lokesheni. Kuna aliyeonya kwamba KRA wako njiani kudai ushuru wa forodha, maana huo ni mtumba umeingia nchini bila karatasi. Na kulikuwa na kile cha kamuti, ati mchawi fulani alipoteza breki. Hicho mimi sikipi alama yoyote. Kila kitu kikitokea Ukambani mtu anataja kamuti, jamani, tafuteni kingine.

Kichekesho kilichonimaliza ni kile cha skrapu: kwamba muujiza wenyewe si chuma kuanguka kutoka angani, muujiza ni kilo 500 za chuma kukaa Kenya usiku mzima bila kupimwa kwa mizani ya mtu. Ukifanya hesabu, hata kwa shilingi 40 kwa kilo, hiyo ni 20,000. Ni deposit ya bedsitter na kodi ya mwezi wa kwanza. Na usisahau hii ni nchi ambayo Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya skrapu kwa miezi kadhaa, baada ya milingoti ya stima kuharibiwa na taifa kukaa gizani. Kwa hivyo anayecheka hapo anajua anachocheka.

Lakini ukipitia hivyo vichekesho vyote, utaona vingi vinazunguka kitu kimoja: pesa. Hili dude ni mali ya nani? Nani ataliondoa? Kama limemharibia mtu, nani anatoa chapaa? Watu wanadhani vijana wanapiga soga tu, lakini hilo swali la fidia ndilo swali la kisheria lenyewe, na lina jibu tangu 1972.

Mwaka huo mataifa yalifungua mkataba wa kimataifa kuhusu uharibifu unaoletwa na vyombo vya angani. Kwa Kiswahili cha mtaa unasema hivi: nchi iliyorusha chombo, ama iliyokubali kirushwe kutoka ardhi yake, inalipa kikiangusha kitu na kuumiza watu ama mali huku chini. Haina haja ya kuthibitishiwa kwamba ilizembea. Chuma ni chako, kimeangukia nyumba yangu, lipa. Hata kondakta wa matatu hajawahi kukutana na sheria kali hivyo.

Na watu wamelipwa. Januari 1978 setilaiti ya Usovieti iitwayo Kosmos 954, ambayo ndani yake ilikuwa na kinu cha nyuklia, ilianguka kaskazini mwa Canada na kumwaga vipande vyenye miale kwenye eneo kubwa la barafu. Canada ilisafisha, ikaandika bili ya zaidi ya dola milioni 6 za kwao na kuituma Moscow. Mwaka 1981 wakakubaliana milioni 3. Nusu bei, kama Gikomba tu, lakini pesa ilitoka.

Mwaka uliofuata, Julai 1979, kituo cha anga cha Marekani kiitwacho Skylab kilirudi duniani vipande vipande na baadhi vikatua karibu na mji mdogo wa Esperance, Australia. Baraza la mji likaiandikia NASA faini ya dola 400. Kosa? Kutupa taka ovyo. Watu walicheka sana, na faini ikakaa miaka 30 bila kulipwa, mpaka 2009 mtangazaji mmoja wa redio wa Marekani alipochanga na wasikilizaji wake wakailipa. Hao nao walikuwa wanafanya utani. Tofauti ni kwamba utani wa Esperance uliandikwa kwa karatasi, ukawa na tarehe na kiasi.

Karibu zaidi na sisi ni ile ya Machi 2024. Kipande cha chuma cha kama gramu 700, kilichotoka kwa mzigo wa betri kuukuu uliotupwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilitoboa paa na sakafu ya nyumba moja Florida. NASA ilikubali ni chake. Familia ikaajiri wakili, na ikawasilisha madai ya zaidi ya dola 80,000. Gramu 700, msomaji wangu. Hiyo ni chini ya pakiti ya kilo moja ya unga. Mukuku walipata kilo 500, na mpaka taarifa inatoka walikuwa na picha za simu pekee.

Najua unachotaka kusema. Florida kulikuwa na shimo kwa paa. Ni kweli, na hapa ndipo mambo yanakuwa magumu. Ule mkataba unahesabu kifo, majeraha, afya ya mtu kuharibika, na mali kuharibika ama kupotea. Hofu pekee haina bei. Kukosa usingizi wiki nzima ukisikiliza paa la mabati, ni shida yako. Baadhi ya wakazi wa Mukuku waliambia wanahabari wanataka fidia, na madai kama hayo yanahitaji kitu cha kushikika: ufa kwenye ukuta, mbuzi aliyekufa, mazao yaliyoharibika. Tena mwanakijiji hawezi kutumia mkataba huo kuipeleka nchi nyingine kortini yeye mwenyewe. Madai yanapelekwa na serikali yake, kwa njia ya kibalozi. Yaani susu wa Mukuku anategemea mtu wa ofisini Nairobi aamke na kuandika barua kwa niaba yake. Nikiwaza hivyo huwa sicheki sana.

Halafu kuna shida ya pili: barua iende kwa nani?

Siku hiyohiyo ya Desemba 30 India ilikuwa imerusha roketi yenye ujumbe wa SpaDeX, na haraka hadithi zikaenea kwamba chuma ni cha India, na kwamba Kenya tayari imedai fidia. KSA ikakanusha yote mawili. Nje ya nchi, mtaalamu mmoja wa Uholanzi anayefuatilia setilaiti alionyesha kipande cha roketi ya Ariane iliyorushwa 2008, ambacho kilikuwa kinatarajiwa kurudi duniani wakati uleule. Mwenzake wa Marekani, anayeheshimika sana kwa hesabu za vitu vya angani, hakushawishika hata kwamba dude lile lilitoka angani. Alisema haoni alama za kuungua zinazotakiwa. Kwa hivyo una wanakijiji wanaosema lilikuwa jekundu kwa joto, na mtaalamu anayetazama picha akiwa mbali anasema hapana. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, siwezi kuwaamulia. Ninachoweza kukuambia ni kwamba bila jina la mwenye chuma, mkataba wote ule unabaki mzuri kwa kusoma tu.

Hiyo ya Ariane hata hivyo ina somo la jiografia ambalo lilinishtua. Roketi hizo zilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, karibu kabisa na ikweta. Nyingi zilikuwa zinabeba setilaiti za televisheni na mawasiliano, na mabaki yao huzunguka dunia yakiwa yameinama kidogo tu kutoka kwa mstari wa ikweta, kama nyuzi sita hivi. Maana yake ni nini? Kipande kinachozunguka hivyo kikianguka, hakiwezi kuangukia London wala New York. Kinaweza tu kuangukia ule mkanda wa katikati: bahari, Amazon, Congo, Uganda, Indonesia, sisi. Makueni iko karibu nyuzi mbili kusini mwa ikweta. Katikati kabisa ya barabara. Sasa ukisikia mtu anasema Mukuku walikuwa na bahati mbaya, mwambie pia walikuwa kwenye ramani.

Na usifikiri sisi ni wageni kwa hii michezo. Karibu na Malindi kuna kituo cha Waitaliano ambacho kilirusha roketi kutoka jukwaa la baharini kuanzia 1967 hadi 1988. Desemba 12, 1970, sikukuu ya Jamhuri, iliruka kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo, na ikapewa jina Uhuru kwa heshima yetu. Aprili 15, 2023 nasi tukapeleka Taifa-1, ndogo, ya shilingi milioni 50, ikibebwa na roketi ya SpaceX kutoka California. Ilipoahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, si unakumbuka vile tulicheka? Ilikuwa kama tunangoja basi ya kwenda ushago Desemba. Kwa hivyo siku moja barua ya fidia inaweza kuja kwetu pia. Mkataba haujali ukubwa wa bajeti yako.

Kicheko chetu nakipenda, na siwezi kukuambia ukiache. Kinachoniuma ni mwendo wake. Angalia Worldcoin. Agosti 2023 tulipanga foleni KICC, mpira wa chuma unatuangalia machoni, unapewa sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000. Vichekesho vilikuwa moto: nimeuza jicho, limebaki figo. Zaidi ya Wakenya 350,000 waliandikishwa kabla serikali haijasimamisha shughuli. Wiki mbili baadaye tukahamia kwa kichekesho kingine. Waliobaki na swali lile lile, kwamba data ya macho yetu iko wapi na nani aliruhusu, ni wanaharakati wachache na mawakili wao. Walienda kortini, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Karibu miaka miwili. Hakuna aliyetengeneza video ya kuchekesha siku ya hukumu, ama kama yuko, haikunifikia.

Mukuku nayo ina saa yake, na hii watu wengi hawaijui. Ule mkataba wa 1972 unaipa nchi mwaka mmoja kuwasilisha madai, kuanzia siku ya uharibifu ama siku nchi yenye chombo ilipotambuliwa. Kama mwenye chuma hajulikani, mwaka unaanza siku akijulikana, lakini kuna masharti: huwezi kukaa tu ukijifanya hukujua, kama ungeweza kujua kwa kutafuta kwa bidii. Chuma chenyewe kilichukuliwa na KSA. Ina maana ushahidi mkubwa uko mikononi mwa serikali, na kazi ya kutafuta jina ni yake.

Ushahidi mdogo uko kijijini. Kwa hivyo kama una susu, mjomba ama rafiki wa pande hizo, mpigie leo, na bando ikikuishia tumia dakika za kawaida. Muulize kama kuna ufa ulioonekana baada ya siku ile, kama kuna mnyama aliyekufa, kama kuna mtu alienda hospitali. Kama jibu ni ndiyo, picha ipigwe na tarehe iandikwe, karatasi ya hospitali itafutwe, na nakala ipelekwe kwa chifu iwekwe muhuri, nyingine ibaki nyumbani. Kama jibu ni hapana, mwambie umemsalimia tu, halafu mtumie ile ya KRA.