Nzi wa Chupani ni Kazi ya Mkulima

Wako wakulima wanaouliza hivi: "Maembe yetu yanaoza kwa funza, na wataalamu wameketi wakihesabu nzi ndani ya chupa. Faida yake ni nini?" Swali hili ni la haki, maana fedha za utafiti hutoka katika kodi ya wananchi. Lakini mimi naona kazi hiyo ni ya mkulima kama jembe lilivyo lake.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Ndani ya mwili wa kila nzi mna nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu. Zifananishe na nyuzi za shanga. Kila ushanga ni jeni, yaani amri ya urithi: huu wa rangi ya macho, huu wa umbo la bawa. Yule nzi mdogo azungukaye ndizi mbivu ana jozi 4 tu za nyuzi, ndiyo sababu wataalamu walimpenda. Mwaka 1921, huko Marekani, Bwana A. H. Sturtevant alilinganisha aina mbili za nzi hao. Aliona kwamba shanga ni zile zile, ila kipande kimoja cha uzi kimegeuzwa, mwisho umekuwa mwanzo. Mwaka 1927 Bwana H. J. Muller alionyesha kwamba eksirei huweza kuharibu ushanga, na hata kukata uzi, vipande vikaungana upya mahali pengine.

Mambo hayo hutokea yenyewe pia, na ni njia mojawapo ambayo aina za nzi huzidi kutofautiana kwa muda wa miaka mingi sana. Hata hivyo, shanga nyingi hubaki katika sehemu ile ile ya uzi, ijapokuwa mpango wake umevurugika. Kwa hiyo anayezijua vema nyuzi za nzi mmoja hupata dalili za mahali pa kutafuta katika nzi aliye ndugu yake.

Sasa tuje shambani. Njia moja ya kupigana na nzi ni kuwafuga kwa wingi, kuwafanya tasa kwa miali, kisha kuwaachilia. Nzi jike wa porini akipandwa na dume tasa, mayai yake hayaangui. Jirani zetu wa Unguja walimaliza mbung'o kwa njia hii, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa safi. Lakini kwa nzi wa matunda pana shida: jike, hata akiwa tasa, bado hutoboa tunda. Lazima watolewe madume peke yao. Nani atawachagua mmoja mmoja?

Hapa ndipo elimu ya chupani ilipolipa deni. Katika nzi wa Mediterania, ambaye hata hapa kwetu hushambulia buni za kahawa, wataalamu walipata aina isiyostahimili joto. Kisha, kwa kutumia miali, walipata nzi ambao kipande cha uzi chenye nguvu ya kustahimili joto kimehama na kuungana na uzi wa udume. Basi mayai yakitiwa katika maji yenye joto la digrii 34, ya kike hufa, ya kiume huishi. Kule Guatemala kiwanda cha El Pino hufuga madume ya namna hii kwa mamilioni kila juma.

Na nzi wetu wa maembe, yule mgeni kutoka Asia aliyeonekana Kenya mwaka 2003? Thailand imekwisha kuunda aina yake ambayo pupa wa jike ni mweupe na wa dume ni wa rangi ya kahawia. Mwaka 2021 wataalamu waligundua kwamba weupe huo, katika nzi wa Mediterania, wa maembe na wa matango, hutokana na jeni ile ile moja kuharibika. Kipande cha uzi kilichogeuzwa ndicho kilichosaidia kuonyesha mahali pa kuitafuta.

Kwa hiyo nasema: tusiwacheke vijana wetu wasomao nyuzi za nzi. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi, na mlango haukufunguliwa mpaka 2021. Hasara ya miaka hiyo ni kubwa kuliko gharama ya chupa.

Lakini mtaalamu hawezi peke yake. Dume tasa hawashindi pale ambapo nzi wa porini ni wengi mno. Okota matunda yaliyoanguka kila siku, uyazike chini kabisa au uyafunge katika mfuko wa plastiki mweusi juani mpaka funza wafe. Tega mitego, na umwombe jirani afanye vivyo hivyo, kwa maana nzi hajui mpaka wa shamba. Kidole kimoja hakivunji chawa.